Herufi za Mgongoni

Mumbua haji dukani siku hizi kununua,
anakuja kusoma.
Miwani yake ina mguu mmoja, wa pili ni uzi mweusi.
Anaipindua pakiti ya juisi kifudifudi
kama mtoto anayetafutwa upele,
kidole kinatembea: maji, rangi, tindikali,
kisha kinasimama.
"Shira ya mahindi. Mahindi, Baba Kemunto!
Yanatafuta nini humu?"

Mimi muuza duka wa Kayole nitajibu nini?
Mahindi ninayoyajua ni ya gunia,
ya sima, ya uji, ya githeri ya jioni ya mchango,
ni ule muhindi uliobabuka upande mmoja
nje ya lango, limau na pilipili
hadi masikio yanalia.
Hayo hayajawahi kunificha uso.
Haya ya kiwandani yalikwenda shule gani
yakarudi bila ganda, bila punje, bila jina la shamba,
yamebaki utamu tu?

Alianza peke yake.
Wiki ya pili akaja na Achitsa wa cherehani,
ya tatu na mama yake Halakhe
ambaye nyayo zake hazijui tena moto wala msumari.
Chama chao cha Jumamosi, cha sufuria na mabati,
kikageuka darasa.
Sikupenda.
Walinipangia kaunta nzima chupa ambazo hazijafunguliwa,
arobaini na moja, nilizihesabu kwa uchungu wa mfuko:
"Zirudi zilikotoka."

Afisa wa mauzo akashuka kutoka Viwandani,
kiatu kimechongoka, kalenda kwapani.
"Mama, sukari ni sukari.
Tumbo halijui tofauti."
Mumbua akavua miwani, akaifuta kwa leso, polepole.
"Kama tofauti haipo,
kuitoa kutawauma wapi?"
Yule kijana akaniangalia mimi.
Nikaangalia mizani.

Barua waliiandika kwenye karatasi ya daftari,
mistari ya hesabu, wino wa aina tatu,
sahihi mia tatu na kumi na mbili, mbili za dole gumba.
Wengine waliweka sahihi huku wakinyonya peremende.
Nami niliweka. Ya mia na tisa. Msiniulize kwa nini.

Novemba lori likaja na mvua.
Pakiti mpya! Jani la kijani, na maandishi
unayoweza kuyasoma ukiwa ng'ambo ya barabara:
HAINA SHIRA YA MAHINDI.
Bei imepanda shilingi tano,
na kiuno cha pakiti kimekonda kidogo.
Achitsa akapiga vigelegele mpaka wapangaji wa juu
wakatoa vichwa madirishani.

Mumbua hakupiga.
Aliipindua.
Maji, rangi, tindikali, sukari ya miwa,
na pembeni tarakimu ileile:
gramu ishirini na saba.
"Mbele wameandika kwa rungu," akasema,
"nyuma kwa sindano."
Lakini nilimwona akitabasamu kwa pembe ya mdomo,
maana hata hivyo kuna mtu aliyesukumwa,
kuna mtu huko, kwenye kiti kinachozunguka,
aliyeisoma karatasi ya daftari.

Kemunto wangu, miaka tisa, alionja.
"Baba, ni tamu vilevile!"
Alidhani ananipa habari njema.

Mumbua akanunua unga kilo moja, chumvi,
na penseli.

Sasa ni saa nne usiku. Nimeteremsha mlango wa bati,
nimebaki ndani na balbu moja
na rafu nilizozipanga miaka kumi na sita,
nyuso zote zikitazama mteja.
Nachukua biskuti, naipindua.
Herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Ngano. Mafuta. Sukari. Chumvi.
Nimefika neno la tano.
Linaniteleza ulimini, silijui.
Nimelikunjia kona ya karatasi.
Kesho atakuja.